Mwongozo wa Kupima Visivyopimika, kwa Matumizi ya Wakazi wa Handeni na Korogwe

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkazi wa Handeni au Korogwe mwenye kamba ya kupimia shamba, simu yenye chaji, na imani isiyo na msingi kwamba anaweza kufanya kazi ya maprofesa. Imani hiyo usiipoteze, maana vifaa vingine vyote vinaazimika.

Kazi yenyewe inaitwa intaferometria. Katika barua ya kuomba fedha, litaje neno hilo kila aya. Katika mkutano wa kijiji usilitaje hata mara moja. Nenda kwenye lambo lolote la Handeni ng'ombe wakishaondoka, subiri maji yatulie, kisha dondosha mawe mawili kwa pamoja, yakiwa yameachana hatua mbili hivi. Viwimbi vitakutana. Penye kilele juu ya kilele maji yataruka maradufu. Penye kilele juu ya bonde maji yatatulia kana kwamba hakuna aliyetupa kitu. Mwanga hufanya hivyohivyo, redio pia, rada pia. Anayejua kusoma hiyo mistari ya kuruka na kutulia anajua wimbi lipi lilichelewa na kwa kiasi gani, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya wimbi moja. Na kwa kuwa wimbi la mwanga mwekundu halifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, anayepima kwa sehemu za wimbi hilo ana rula ambayo haiuzwi katika maduka ya Chanika wala Manundu.

Baraza la ardhi la kata linaujua utaratibu huu siku nyingi. Shahidi mmoja, hata awe mkweli namna gani, hamwonyeshi mzee wa baraza mpaka ulipo. Wakija wawili, mzee hashughuliki sana na wanayokubaliana. Hutega sikio pale wanapotofautiana. Intaferomita ni baraza la namna hiyo: huita wimbi lilelile mara mbili, kwa njia mbili, kisha huuliza tofauti ni kiasi gani.

Kwanza, uzi wa katani

Usianze na nyota. Anza na ulichonacho, na Korogwe ina katani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Uzao wa miche hiyo ndio uliojaza mashamba ya mkoa huu, kwa hiyo hutakosa uzi mmoja wa kufanyia utafiti. Ukikosa, ng'oa kwenye kamba ya mbuzi wa jirani, lakini mwache mbuzi akiwa amefungwa.

Tafuta kalamu ya leza nyekundu, ile wanayochezea watoto. Ifunge kwenye mgongo wa kiti kwa mpira wa baiskeli ili isitikisike. Usiitazame machoni na usimmulike mtu; jicho halina spea. Nyoosha uzi mmoja mkavu wa katani mbele ya mwanga, karibu na mdomo wa kalamu, na uache mwanga ufike ukuta mweupe ulio mbali mita tatu. Zima taa, au subiri umeme ukatike, kwani utafiti wa mwanga hunoga zaidi wakati huo.

Ukutani hutaona kivuli cha uzi. Utaona mstari wa madoa mekundu yaliyotenganishwa na vipande vya giza, ukikata njia panda na uelekeo wa uzi. Mwanga umepita pande zote mbili za uzi, umekutana tena ukutani, na mahali pengine umejiongeza, pengine umejifuta. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kutoka giza moja hadi giza linalofuata upande uleule. Tuseme umepata milimita 10. Urefu wa wimbi la leza hiyo ni kama milimita 0.00065. Zidisha kwa umbali wa ukuta, milimita 3,000, upate 1.95, gawanya kwa 10. Uzi wako una unene wa milimita 0.195, na umeupima kwa kiti, ukuta na tepu ya nguo. Sasa weka unywele wako. Madoa yataachana zaidi, labda sentimita mbili na nusu au tatu, kwa sababu kitu kinavyozidi kuwa chembamba ndivyo mistari inavyozidi kutanuka. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa: chombo kinachokuza zaidi kile kilicho kidogo zaidi kinaonekana kama cha mganga.

Thomas Young, daktari wa London, aliwaonyesha wenzake jambo hili mwaka 1803 kwa kupachika kipande chembamba cha kadi katikati ya mwale wa jua. Alishambuliwa kwenye jarida mpaka akachapisha kijitabu cha kujitetea. Kwa hiyo watu wa kijiweni wakikucheka, andika jina la kijiwe na tarehe, vitahitajika katika wasifu wako.

Mahali pa kuweka chombo

Hatua inayofuata ni kutafuta utulivu, na hapa mwongozo unalazimika kuwa mkweli kuhusu Korogwe.

Albert Michelson alitengeneza intaferomita yake ya kwanza mwaka 1881 akiwa Ujerumani, kwa fedha alizopewa na Alexander Graham Bell, yule wa simu. Kumbe kutegemea mfadhili hakukuanzia kwetu. Alikata mwale mmoja wa mwanga kuwa miwili kwa kioo kinachoakisi nusu na kupitisha nusu, akaituma njia mbili zinazokutana kwa pembe mraba, akairudisha kwa vioo na kuikutanisha. Njia moja ikirefuka kidogo tu, milia ya mwanga na giza husogea. Tatizo lilikuwa Berlin. Magari ya farasi barabarani yalitikisa milia kiasi kwamba haikusomeka hata usiku wa manane, ikabidi ahamie Potsdam. Miaka sita baadaye, Cleveland huko Marekani, yeye na Edward Morley waliweka chombo juu ya bamba la jiwe linaloelea kwenye zebaki. Walikuwa wanatafuta upepo wa etha, kitu ambacho wanasayansi wa wakati ule waliamini kimejaa angani na kwamba dunia inakipasua ikizunguka jua. Hawakukuta upepo wowote. Ni mradi wa nadra ambao ripoti yake ya mwisho ilisema "hakuna kitu" na hakuna aliyeulizwa fedha zimekwenda wapi. Mwaka 1907 Michelson alipewa tuzo ya Nobel kwa vyombo vyake.

Ikiwa gari la farasi liliharibu kazi Berlin, fikiria malori ya barabara ya Segera kwenda Moshi yanapopita Korogwe. Ongeza treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliyorudi Desemba 2019. Ukikimbilia kijijini Handeni utakuta mashine ya kusaga, ambayo huitingisha ardhi kwa mdundo usiochoka kuanzia asubuhi hadi unga uishe.

Usidhani wakubwa wamekwepa balaa hili. Chombo cha LIGO huko Marekani ni intaferomita ya Michelson iliyokua: mikono miwili ya kilomita 4 kila mmoja, vituo viwili, kimoja Livingston katika jimbo la Louisiana, kingine Hanford katika jimbo la Washington, kilomita 3,000 baina yao. Tarehe 14 Septemba 2015 mikono hiyo ilirefuka na kufupika kwa kiasi kilicho mamia ya mara chini ya upana wa protoni, kwa sababu mashimo meusi mawili yaligongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na kuitikisa anga yenyewe. Ishara ilifika Livingston kwanza, Hanford ikaipata baada ya kama milisekunde 7. Vituo ni viwili kwa sababu ileile ya baraza la kata: kikitikisika kimoja, huyo ni mkata magogo. Na si mfano wa kubuni. Livingston imezungukwa na misonobari, na kelele za wakata magogo zimewasumbua tangu mwanzo. Hanford nako wataalamu waliwahi kuhangaika na mshtuko mdogo wa ajabu katika takwimu, wakatoka nje na kukuta alama za midomo kwenye barafu ya bomba la kupoozea. Kunguru wenye kiu walikuwa wakidonoa barafu. Walilivika bomba koti, mawimbi ya mashimo meusi yakaendelea.

Mkazi wa Tanga asiyejua ukorofi wa kunguru hayupo. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu LIGO iligharimu zaidi ya dola bilioni moja, mwongozo unashauri intaferomita ya aina hii usiijenge. Nenda moja kwa moja hatua inayofuata, ambayo nayo huwezi kuimudu, lakini kwa sababu za heshima zaidi.

Jicho kati ya miji miwili

Karibu kila mtaa una dishi la futi sita lililostaafu baada ya ving'amuzi vya dishi dogo kuingia. Lingine linaanikiwa muhogo, lingine kuku wanalalia chini yake. Azima mawili. Moja liweke Korogwe, jingine Handeni. Kwa barabara ya lami miji hii inatenganishwa na kilomita 65. Kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 58.

Elekeza yote mawili kwenye gesi ya haidrojeni ya angani, inayonong'ona kwenye redio kwa wimbi la sentimita 21, masafa ya megahezi 1,420. Habari njema: masafa hayo yametengwa duniani kote kwa ajili ya wanaastronomia, hakuna redio ya jamii inayoruhusiwa kutangaza humo. Habari mbaya: plagi ya bodaboda haijasoma tangazo hilo, wala chaja ya bei rahisi. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda utulivu wa redio, ndiyo inayolikinga eneo la Karoo, na mgeni wa darubini za huko huambiwa azime simu. Jaribu kutoa tangazo hilo stendi ya Korogwe siku ya gulio. Mwongozo utasubiri.

Kwa dishi moja la futi sita utaona ukungu mtupu: doa dogo kabisa unaloweza kulitofautisha lina upana wa miezi kumi na mitatu iliyopangwa mstari. Ukali wa darubini hutegemea upana wake ukilinganishwa na urefu wa wimbi, na wimbi la redio ni refu. Lakini ukirekodi wimbi lilelile Korogwe na Handeni, kisha ukalinganisha kumbukumbu hizo mbili, ukali unaoupata si wa futi sita. Ni wa dishi lenye upana wa kilomita 58, ambalo katikati yake limetobolewa lote. Kwa jicho hilo unaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana sentimita mbili na nusu ukiwa umbali wa kilomita saba.

Tundu ni tatizo, na dawa yake ni uvivu wa kisayansi. Kaa. Dunia inazunguka, na kwa jinsi nyota inavyotutazama kutoka kule, mstari wa Korogwe na Handeni unageuka taratibu usiku kucha, mara mrefu, mara mfupi, mara umelala upande mwingine. Kila saa unaziba kipande kingine cha dishi kubwa ambalo hukulijenga. Martin Ryle wa Cambridge aliifanya mbinu hii kuwa kazi kamili, na mwaka 1974 alipewa Nobel kwa ajili yake. Sijui kazi nyingine ya ofisini ambapo kukaa tu na kuiacha dunia izunguke huhesabika kama mchango.

Kuna kichekesho kimoja ambacho wauza darubini hawakitaji. Jicho hili kali halitaliona jua. Jua lina upana wa nusu digrii, na milia inayotoka ukingo wake mmoja inajazwa na milia ya ukingo wa pili hadi yote inajifuta. Chombo cha kilomita 58 kinaona kilicho kidogo na kukosa kabisa kilicho kikubwa. Ndiyo maana mitandao halisi huchanganya madishi yaliyo karibu na yaliyo mbali: MeerKAT huko Karoo, iliyozinduliwa Julai 2018, ina madishi 64 na nafasi kubwa kuliko zote baina ya mawili ni kama kilomita 8, mradi wa SKA unaokuja kuimeza utakuwa na madishi 197, mengine yakiachana hadi kilomita 150. Wamo majirani pia. Katika mpango wa mtandao wa Afrika wa kuunganisha antena za mbali, Kenya imo na dishi lake la Longonot, Msumbiji imo, Zambia imo, na Ghana ilishaligeuza dishi la zamani la simu la mita 32 pale Kuntunse kuwa darubini. Sisi tuna yale ya muhogo.

Saa. Kumbukumbu zako mbili zitalinganishwa tu kama saa zake zinatofautiana kwa chini ya sehemu ya bilioni moja ya sekunde, maana katika muda huo wimbi la haidrojeni limeshamaliza mzunguko mzima na kuanza mwingine. Saa ya ukutani haifai. Jua nalo halifai, kwa kuwa Handeni iko magharibi zaidi na hulipata dakika moja na nusu na zaidi kidogo baada ya Korogwe. Wenye fedha hutumia saa za haidrojeni ambazo hazipotezi sekunde moja katika mamilioni ya miaka. Omba moja katika bajeti, na andika "samani".

Baada ya saa, usafirishaji, na hapo tunawazidi wote. Takwimu za anga ni nyingi mno kwa intaneti ya kijiji, kwa hiyo zinawekwa kwenye diski na kubebwa. Mtandao wa darubini wa Event Horizon ulifanya hivyo. Aprili 2017 darubini nane katika sehemu sita za dunia zilitazama anga kwa wimbi la milimita 1.3, kiini cha galaksi ya M87 kikiwa mojawapo ya shabaha. Diski zilisafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani kulinganishwa. Zile za Ncha ya Kusini zilikwama miezi kadhaa kwa kuwa ndege haziruki huko majira ya baridi. Picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi ilitoka tarehe 10 Aprili 2019. Sasa fanya hesabu. Mpakie dereva wa bodaboda diski nane za terabaiti kumi kumi kwenye begi la mgongoni, umtume kutoka Korogwe hadi Handeni kwa saa moja na nusu. Kasi ya mtandao wako ni karibu gigabaiti 15 kwa sekunde, bila vocha. Mkubaliane nauli kabla hajajua kilichomo.

Kupima mlima bila kwenda

Hadi hapa mwongozo umekupotezea muda kwa makusudi, ili ukifika hapa uwe umechoka na uko tayari kusikia kwamba chombo kipo tayari, kinapita juu ya Handeni, na huhitaji kununua kitu.

Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022 zimefika familia zilizotoka Ngorongoro. Mwongozo huu hauingilii mjadala wa uhamisho huo. Tunachotaka ni wazee wao, maana wapo miongoni mwao wanaoifahamu Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano unaoonekana kutoka ukingo wa kreta ya Empakaai, ambao uji wake wa mawe hutoka mweusi na kugeuka mweupe ukikutana na hewa. Waulize kuhusu Julai 2007. Ardhi ilitikisika kwa wiki kadhaa kuzunguka mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilifikia ukubwa wa 5.9 na kuwatoa watu maofisini Nairobi. Mwanzoni mwa Septemba, Lengai ikalipuka.

Kilichotokea chini hakuna aliyekiona kwa macho. Setilaiti ya Ulaya ya Envisat ilikiona, na namna ilivyokiona ndiyo ufundi unaotakiwa kuuiba. Rada ya setilaiti hurusha wimbi la sentimita 5.6 ardhini na kulipokea likirudi. Hairekodi tu kwamba pale pana mwamba unaong'aa. Hurekodi pia wimbi lilirudi likiwa katika hatua gani ya kupanda au kushuka. Wiki kadhaa baadaye setilaiti inarudi katika njia ileile na kurekodi tena. Toa kumbukumbu moja kutoka kwa nyingine. Penye ardhi tulivu tofauti ni sifuri. Penye ardhi iliyosogea karibu na setilaiti au mbali nayo, wimbi limepungukiwa au limeongezewa njia, na kwa kuwa linakwenda na kurudi, kila sentimita 2.8 za ardhi hukamilisha mzunguko mmoja wa rangi kwenye ramani. Hesabu mizunguko, zidisha kwa 2.8.

Kundi la watafiti lililoongozwa na Eric Calais lilihesabu, likachapisha katika jarida la Nature mwaka 2008. Milia ya Gelai ilionyesha kwamba ufa wa ardhi uliteleza kwanza, tena polepole, bila tetemeko lenye ukubwa wa kulingana na mtelezo huo; kisha bamba la magma lenye unene wa hadi mita mbili hivi likajipenyeza wima ndani ya miamba kwa kilomita kadhaa, bila kufika juu, na ardhi iliyokuwa juu yake ikadidimia kama mfereji mpana. Bara letu lilijitanua mbele ya macho ya chombo kilichokuwa mamia ya kilomita juu, kwa siku chache, kiasi ambacho kwa mwendo wake wa kawaida wa milimita chache kwa mwaka kingehitaji karne kadhaa. Mwendo huo wa kawaida nao umepimwa, na jina la kwanza kwenye andiko kubwa la mwaka 2014 kuhusu mwendo wa mabamba ya Afrika Mashariki ni la Mtanzania, Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi. Lengai yenyewe tangu 2016 ina vipokezi vya GPS vya mradi wa TZVOLCANO, ambavyo navyo husoma hatua ya wimbi, na mwaka 2024 Ntambila Daud na wenzake walionyesha kwamba mlima ulinyanyuka kidogo kwa miezi kadhaa ya 2022. Walionyanyukiwa hawakusikia kitu.

Envisat imeshakufa. Mrithi wake, Sentinel-1, alianza kuruka Aprili 2014, na setilaiti yake moja huirudia njia ileile kila siku 12 ikiwa kimo cha kilomita 693. Takwimu zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti na subira. Mzee wa Msomera akikuuliza, "Mwanangu, ulifika Gelai?" mjibu kwa adabu: "Hapana, mzee. Nilipakua tu."

Kabla hujaitisha waandishi wa habari, jaribu mbinu hiyo nyumbani, na hapa ndipo Korogwe itakapokulipa kisasi. Natron ni pakavu. Jiwe la leo ndilo jiwe la baada ya siku 12, na wimbi linalitambua. Shamba la mahindi la Mombo si hivyo. Majani yamekua, upepo umeyageuza, mtu amepalilia, mvua imenyesha. Wimbi linarudi likikuta uso mwingine kabisa, na ramani yako inakuwa vumbi la rangi lisilo na maana yoyote. Wimbi refu zaidi, la sentimita 24, hupenya majani na kugota kwenye vigogo na ardhi, na ndilo linalobebwa na NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025. Lakini usidhani shida imekwisha, kwa sababu kuna milima ya Usambara. Hewa yenye mvuke huchelewesha rada. Siku ukungu ukilala bondeni na kilele kikiwa wazi, ramani inaweza kuonyesha kwamba Lushoto imenyanyuka sentimita kadhaa kati ya ziara mbili, na kwenye ziara ya tatu imeshuka. Ukiandika kwamba Usambara inapumua, utapata umaarufu wa wiki moja na aibu ya kudumu. Mtaalamu huchukua picha nyingi, kumi, ishirini, mia, ili mvuke unaokuja na kwenda ujifute wenyewe na mwendo wa kweli ubaki. Diwani akikuuliza mbona ripoti inachelewa, mwambie unasubiri mawingu yafe kwa wastani.

Kwa mwenye jembe

Bado kuna intaferomita nyingine ya kufikiria, na hii inalala chini ya ardhi. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mafuta ya Uganda yana nta na hugandamana yakipoa, kwa hiyo bomba linapashwa moto, na mpango wake unajumuisha mkongo wa nyuzi za kioo unaofukiwa pembeni kuangalia joto na mitetemo. Mkongo, si mkonge, ingawa uliokwisha kuupima mapema utakusaidia kuelewa.

Uzi wa mkongo ni kioo ambacho hakikukamilika. Kila mita ina vidosari vidogo mno. Ukirusha mpigo wa leza ndani yake, kila kidosari hurudisha mwanga kidogo, na marejesho ya vidosari vya jirani yanakutana njiani na kufanya milia yao, kama ile ya ukutani kwako. Mwanga ndani ya kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo marejesho ya kilomita 10 mbele hufika baada ya sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Muda wa kufika ndio anwani ya mahali. Uzi ukilala kimya, milia haibadiliki kati ya mpigo na mpigo. Mtu akipiga jembe hatua chache kando, ardhi inauvuta uzi kwa sehemu za bilioni za mita, na milia ya mita ile, si nyingine, inaruka. Teknolojia hii inatumika duniani kote kulinda mabomba, reli na mipaka, na wanasayansi wa matetemeko wameishaanza kuazima mikongo ya simu kwa kazi hiyohiyo.

Programu inayosoma mitetemo hiyo inafundishwa kutofautisha. Lori hunguruma mfululizo na kusogea. Kundi la ng'ombe hugonga ovyo, kwato nyingi kwa pamoja, kisha likapita. Jembe hugonga mara moja, likanyamaza, likagonga tena palepale, likanyamaza. Ukiwa na shamba karibu na alama za bomba, omba maelekezo ya wasimamizi wake kabla ya kuchimba shimo la choo, na uwaambie ni saa ngapi utaanza. Ukiona ni usumbufu, njia nyingine ni kuchimba kwa mtindo wa ng'ombe, lakini utahitaji wasaidizi kumi na mmoja, na wote walipwe.